Kidude cha Yuro Hamsini na Tisa

Simu yangu niliiacha ndani ya mfuko wa aproni, aproni nikaitundika msumarini katika chumba cha kufulia, nikatokea mlango wa nyuma kwenye mapipa ya taka. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa sita, saa sita na robo mchana. Nilikuwa na dakika arobaini na tano za kula. Kwa miaka kumi na moja sikuwahi kwenda popote bila ile simu, hata msalani, kwa hiyo nilipopanda baiskeli nilihisi kama nimetoka uchi mbele za watu.

Mume wangu Rommert alikuwa mpangaji wa safari katika kampuni ya malori pale Heerenveen, kaskazini mwa Uholanzi. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya skrini nne na kujua kila lori liko wapi, limesimama kwa nini na litaondoka lini. Alikuwa hodari, kila mtu alimsifu. Na mimi alinifanyia vivyo hivyo. Simu yangu ilimwambia niko wapi, na gari letu likamwambia zaidi. Nikitoka dukani nilimkuta jikoni ananingoja. "Ulisimama dakika nane pale darajani," angesema. "Ulikuwa na nani?" Alisema kwa sauti ya chini. Alipopiga kelele mambo yaliishia kwenye kelele. Aliponong'ona yaliishia mwilini mwangu.

Mtu mmoja tu alijua, naye ni Gepke, msimamizi wa chumba cha kufulia nilikofanya kazi, katika nyumba ya wazee ya Drachten, mji wetu. Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mwenye kikohozi cha sigara na mdomo usio na breki. Yeye ndiye aliyeniona mgongo siku nilipobadilisha blauzi. Alinifungia ndani ya ofisi yake na simu ya mezani, akakaa nje ya mlango mpaka nilipomaliza kuongea na nyumba ya hifadhi ya wanawake. Walinipatia nafasi mbali kabisa, Weert, kule kusini. Niende Ijumaa na binti yangu Jeltje. Nisitumie simu yangu, wala gari letu, wala kadi yangu ya usafiri. Drachten hakuna treni, na stesheni ya Heerenveen kaka yake Rommert ndiye muuza kahawa.

"Chukua kigari changu," Gepke aliniambia. "Kina miaka ishirini na mbili. Hakijui hata saa ngapi sasa hivi, seuze kujua wewe uko wapi. Ila utafikaje, mwanangu? Wewe hata kwenda Groningen unaambiwa na simu kata kushoto, kata kulia."

Alisema kweli. Ndiyo maana mchana ule nilikuwa naendesha baiskeli kwenda kununua GPS, kidude cha kuonyesha njia, na mfukoni nilikuwa na yuro tisini nilizopata kwa kuuza viatu vyangu vya kuteleza kwenye barafu.

Duka lilikuwa la vifaa vya umeme, la zamani, kona ya soko. Ndani hakukuwa na mtu ila mwenyewe, mzee mnene wa miaka hamsini na kitu aliyekuwa anakula mkate mweusi nyuma ya kaunta. Jina lake, Obe, lilikuwa limeshonwa kwenye shati.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"GPS ya gari. Ya bei nafuu."

Alijifuta mikono, akanipeleka kwenye rafu. "Watu hawaziulizi tena siku hizi. Kila mtu ana simu. Haya, hii hapa ndiyo nzuri kuliko zote. Kioo kikubwa kama sahani, ramani ya Ulaya nzima, inakuambia foleni ziko wapi hapo hapo."

"Inajuaje foleni?"

"Inaungana na simu yako. Inachukua habari zako, inatuma huko, inarudishiwa habari za wenzako."

"Inatuma," nilisema. "Hapana. Nyingine."

"Hii basi, mia na ishirini na tisa. Ndogo kidogo, lakini ina laini yake ya simu humo humo ndani, huna haja ya..."

"Isiyo na laini. Isiyo na simu. Isiyoungana na kitu chochote."

Alinitazama, akacheka. "Heh! Mama, unamkimbia bwana au unamfuata mchumba?"

Nilijaribu kucheka nikashindwa. Nikashika ukingo wa rafu ya juu, na mkono wa blauzi ukapanda. Pale juu ya kifundo palikuwa na alama za vidole vinne, zilizokwisha kugeuka manjano. Niliushusha upesi. Obe aliacha kucheka. Alikwenda nyuma ya kaunta, akavuta droo ya chini, akarudi na kiboksi kilichobonyea pembeni.

"Hiki kimetumika mwaka mmoja, nimekisafisha mwenyewe. Yuro hamsini na tisa. Ramani yake ni Uholanzi, Ubelgiji na Luxemburg basi. Ukivuka kwenda Ujerumani kinakuwa kipofu. Hakina laini, hakina intaneti, hakijui simu ni mdudu gani."

"Kuna mtu anaweza kuniona nikikitumia?"

"Hakuna."

"Lakini satelaiti..."

"Satelaiti hazikuoni, mama. Wewe ndiye unayezisikiliza. Ni kama redio. Msomaji wa habari anasoma, wewe unasikia, lakini hajui kama umelala au unakaanga mayai." Alikiwasha, akanionyesha. "Hapa unaandika mji. Hapa chini, ukibonyeza, kinaepuka barabara kuu, kinakupitisha vijijini. Na hapa unafuta safari zote ulizokwenda. Ukifuta zimefutika. Halafu gari lenyewe. Ni lako?"

"La rafiki. La zamani."

"La zamani sana?"

"Redio yake ni ya kaseti."

"Safi." Alichukua kitabu cha risiti. "Waranti nitaandika kwa jina la shemeji yangu. Hanisemeshi huu mwaka wa pili, acha apate waranti asiyoijua."

Nilikuwa namkabidhi noti kengele ya mlango ilipolia. Nikageuka. Aliyeingia ni Fokke, dereva wa lori katika kampuni ya Rommert, mtu mwenye mabega kama kabati.

"Shemeji!" alisema. "Leo huli? Rommert ametuambia wewe mchana hutoki kazini hata kidogo."

Obe hata hakuinua kichwa. "Mifuko ya mashine ya kufyonza vumbi, mama, ile ya lita nne," alisema, akashusha pakiti mbili za mifuko juu ya kiboksi changu, akavisukuma vyote ndani ya mfuko wa karatasi. "Waambie huko kwenye nyumba ya wazee wasiijaze mpaka ipasuke. Wewe bwana, unataka nini?"

"Waya wa chaji," alisema Fokke, lakini macho yalikuwa kwangu. "Nitamwambia mzee nimekuona. Atafurahi."

Hakuwa na ubaya, nadhani. Hakujua amesema nini. Nilipanda baiskeli upepo unanipiga usoni, na njia nzima nikawa nasikia lile neno moja, nitamwambia, nitamwambia.

Gepke alikuwa amesimama mlangoni kwenye mapipa, sigara mbili kati ya vidole, zote zinawaka.

"Amepiga mara tatu," alisema. "Ya kwanza nikamwambia uko chumba cha kukaushia, mashine zinanguruma. Ya pili nikamwambia uko msalani. Ya tatu hakuniuliza kitu, alikata tu."

Simu ililia mkononi mwake. Niliipokea.

"Uko wapi?" aliuliza Rommert.

"Kazini. Nilikuwa kwenye chumba cha kukaushia."

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake sauti za ofisini. Kisha akasema, chini chini, karibu kwa upole, "Fokke amekuona dukani, Wietske. Simu yako iko kazini, wewe uko dukani. Hilo ni jambo jipya. Usijisumbue na baiskeli leo. Nitakuja kukuchukua mwenyewe."

Alikata. Nilimtazama Gepke. Yeye alishatupa sigara zote mbili.

"Hakuna Ijumaa," alisema. "Ni leo. Ni sasa hivi."

Alipiga simu yeye, kwa simu ya mezani. Mwanamke wa nyumba ya hifadhi alisema njooni, msisubiri. Tutakutana kwenye maegesho ya bwawa la kuogelea la Weert. Mtu wetu atakuwa na mwavuli wa manjano, mvua inyeshe isinyeshe. Begi letu lilikuwa limefichwa wiki nzima nyuma ya rafu ya mashuka. Gepke alilivuta, akanitia ufunguo kiganjani, akaniminya mkono juu yake. Simu aliiweka juu ya mashine ya kukaushia namba tatu.

"Acha ikae hapo itetemeke na mataulo," alisema. "Nenda, mwanangu. Akija atanikuta mimi, na mimi nilimzika mume mkubwa kuliko yeye."

Shuleni nilifika saa saba na dakika ishirini. Mwalimu mkuu, Bi Hinke, alikuwa peke yake ofisini, na uso wake uliniambia kabla hajafungua mdomo.

"Baba yake Jeltje amepiga simu sasa hivi," alisema. "Kasema atamchukua mwenyewe leo, saa nane kasoro robo. Kasema asipewe mtu mwingine."

"Mimi ni mama yake."

"Najua."

"Ana miadi ya daktari wa meno," nilisema. Alinitazama, akatazama begi la safari, akatazama nje ambako kigari cha Gepke cha rangi ya haradali kilikuwa kimesimama na mlango wazi. Sijui alifikiri nini. Alikwenda darasani, akarudi amemshika Jeltje mkono, koti limevaliwa kinyume.

"Basi msichelewe kwa daktari," alisema.

Nilibandika kidude kwenye kioo cha mbele, nikachomeka waya wake, nikaandika Weert. Kikaandika: kinatafuta satelaiti. Niliondoka polepole, nikasimama nyuma ya kanisa, nikingoja. Dakika moja. Mbili. Kimekaa kwenye droo miezi mingi, kilikuwa hakijui kiko wapi. Kimstari cha buluu kikawa kinakwenda na kurudi.

"Mama, tunaenda wapi?"

"Tunaenda matembezi."

"Mbona unalia?"

"Silii. Ni upepo."

Dakika ya tano magari mawili meusi yalipita, yote nikadhani ni yake. Dakika ya saba mshale ulitokea, na sauti ya mwanamke ikasema twende moja kwa moja, kisha tuchukue barabara kuu ya Heerenveen. Heerenveen! Uwanja wa malori uko pembeni kabisa ya barabara ile, na dirisha la Rommert linatazama magari yanayopita. Kidude cha watu hakikujua. Kilitafuta njia ya haraka tu. Kwenye kipilefti nilikata kushoto badala ya kulia, nikashika barabara ya Oosterwolde, na yule mwanamke akaanza: geuka, ukiweza geuka. Kilomita kumi nzima alinisihi nigeuke. Kila aliposema nilitaka kumtii, maana hivyo ndivyo nilivyozoea kuambiwa na kufuata. Baadaye alinyamaza, akafikiri, akakubali njia yangu.

Tulikuwa tumepita Oosterwolde pale sauti ya Rommert ilipozungumza ndani ya gari.

"Jeltje, kipenzi cha baba. Mko wapi?"

Nusura niingie mtaroni. Nilitazama kidude. Nilitazama redio. Kisha nikamwona Jeltje kwenye kioo, mkono ameuinua karibu na mdomo. Kwenye mkono ilikuwepo ile saa ya waridi yenye picha ya paka, aliyopewa na baba yake siku ya kuzaliwa, wiki mbili zilizopita. Mimi nilidhani ni saa ya kuhesabu hatua.

"Ni siri yetu," Jeltje alininong'oneza, macho makubwa. "Baba alisema nisikuambie inaongea."

"Wietske, najua unanisikia," alisema Rommert. "Barabara hiyo haina daktari wa meno. Fokke yuko nyuma yako, kilomita nne. Simama kando, umngoje, akurudishe nyumbani tuzungumze kama watu wazima. Usinilazimishe nije mimi."

Katika kioo cha nyuma barabara ilinyooka, na mwisho wake kabisa, mdogo kama punje, nikaona kitu kirefu cha kijani. Malori yao ni ya kijani.

Appelscha, kijiji kinachofuata, kuna mfereji unaokwenda sambamba na nyumba. Nilisimama darajani, nikaruka nyuma, nikaishika saa. Mkanda wake ulikuwa na kifungo cha kubonyeza pande mbili kwa pamoja, na mimi sikukijua. Nilivuta. Jeltje alipiga yowe. "Mama, unaniumiza!" Nilisikia maneno yake yamenipenya mpaka ndani, na bado nilivuta. Ilikatika. Nikaitupa majini, ikazama na paka wake.

Kilomita nne ni dakika tatu. Niliingiza gari kwenye uwanja wa mgahawa wa chapati tamu ng'ambo ya mfereji, nikalisukuma nyuma ya ua wa miti na meza zilizokunjwa, nikazima injini. Jeltje alikuwa analia kimya kimya, amejishika mkono. Lori lilifika. Likapunguza mwendo, likasimama palepale darajani, taa za dharura zinawaka. Fokke alishuka. Alitazama majini, akatazama huku na huku barabarani, simu sikioni. Kisha akageuka upande wetu.

Tulikuwa hatua sitini kutoka kwake, na ua ulikuwa umepunguzwa vibaya. Rangi ya haradali haijifichi. Alisimama anatazama, muda mrefu kuliko mtu anayetazama majani. Nilimfunika Jeltje mdomo. Naona aibu kusema, lakini nilimfunika.

"Hapana," nilimsikia Fokke akisema kwenye simu. "Hakuna mtu hapa, mzee. Hapana, nakwambia. Sioni kitu." Akapanda, akaondoka.

Mpaka leo sijui kama alituona.

Rommert alijua tulipokuwa, na alijua tunaelekea kusini. Angetungoja kwenye barabara kuu, yeye au mmoja wa madereva wake. Basi nilibonyeza pale Obe aliponionyesha, epuka barabara kuu. Nikaandika kwanza Coevorden, mashariki kabisa, ukingoni mwa nchi, ambako hakukuwa na sababu yoyote ya mimi kwenda. Kidude kikahesabu, kikatupa njia ndefu nyembamba katikati ya mashamba ya viazi.

Saa nzima hatukuonana na lori la kijani. Nilianza hata kumwambia Jeltje habari. Si zote. Nilimwambia tunakwenda kukaa mahali ambapo baba hatatufikia, kwa sababu baba ananipiga. Alitazama nje. "Najua," alisema. "Huwa nafungua bomba la bafuni nisisikie."

Nililia basi, wala sikusema ni upepo.

Toka Coevorden tulishuka kusini. Upande wa kushoto wa kioo cha kidude palikuwa patupu, rangi ya majivu, bila barabara wala mto, kama dunia imekatwa kwa mkasi. Hapo ni Ujerumani. Mshale wetu ulikwenda ukiambaa na ule ukingo, nami nikawa nauogopa kama shimo. Kisha, mbele ya Winterswijk, vizuizi vya rangi nyekundu na nyeupe: barabara imefungwa, wafanyakazi wanachimba, na kibao cha manjano kinatuelekeza kushoto. Nilifuata kibao. Dakika tano baadaye mshale wetu uliingia kwenye majivu, yule mwanamke akanyamaza kimya, na vibao vya barabarani vikawa vya Kijerumani.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ambayo haikuhusu Rommert hata kidogo. Sikuwa na mtu wa kuniambia. Niliendesha nikakutana na njia panda, nikasimama katikati. Kushoto ni mahindi na kulia ni mahindi. Gari la nyuma likapiga honi. Nikakata kulia, kwa sababu jua lilikuwa upande huo, na jua jioni huwa magharibi, na magharibi ndiko kwetu. Moyo ulinidunda kama naiba kitu.

Kwenye kibanda cha kando ya barabara bibi mmoja alikuwa anauza asparaga, zile mboga nyeupe kama vijiti, zilizofungwa kwa mpira. Nilishusha kioo. Alizungumza lahaja ya kwao, mimi nikazungumza Kifrisi changu, lugha ya kwetu kaskazini, tukaelewana nusu kwa nusu.

"Uholanzi?" alisema. "Endelea hivyo hivyo, mwanangu, ukipita mnara wa maji utakuwa umefika. Huyu mtoto amekula?"

Hakuwa amekula. Bibi alitupa mkate wake mwenyewe wenye jibini, akakataa pesa. Tulipopita mnara wa maji mshale uliruka kutoka majivuni ukatua barabarani, na yule mwanamke akasema, kana kwamba hakuna lililotokea, baada ya mita mia tatu kata kushoto.

Weert tulifika saa moja na dakika arobaini jioni, jua bado liko juu ya mapaa. Maegesho ya bwawa la kuogelea yalikuwa na magari matano. Ndani ya mojawapo alikaa mwanamume, peke yake, anatutazama. Sikuzima injini. Nilikuwa tayari kurudi nyuma, kwenda popote. Akatoka, akafungua buti, akatoa taulo, na watoto wawili wenye nywele mbichi wakamkimbilia. Nyuma yao, chini ya kibanda cha baiskeli, alisimama mwanamke mfupi mwenye mwavuli wa manjano, mbingu haina hata wingu.

"Wietske? Mimi naitwa Lisbeth. Hujafuatwa?"

"Sijui," nilisema. "Sijui tena nitajuaje."

"Ni sawa. Tutaangalia pamoja."

Aliangalia kila kitu, begi, koti la Jeltje, hata mwanasesere wake, alimbinya tumbo kutafuta kitu kigumu. Kidude alikichukua akakigeuza, akafuta safari zote, akakizima. Nyumba yenyewe, alisema, haiandikwi kwenye kifaa chochote. Nimfuate yeye gari kwa gari. Nilimfuata, macho kwenye taa zake za nyuma. Kila alipowasha taa ya kukata kona, nami nikawasha.

Rommert alikuwa amekwenda kule kwenye chumba cha kufulia saa nane na nusu. Gepke alinisimulia baadaye kwa barua. Alivunja mlango wa mashine namba tatu akitaka aambiwe tunakwenda wapi, akamsukuma Gepke akaanguka juu ya kapu la mashuka. Wauguzi wawili na mzee mmoja wa miaka themanini na tisa mwenye mkongojo walimzuia mpaka polisi walipofika. Mwezi wa kumi hakimu alimkataza kutukaribia. Anaandika bado, kupitia wakili wake, barua ndefu zenye adabu. Sizisomi. Lisbeth ndiye huzisoma, kisha huniambia kama kuna jambo la kunihusu, na mara nyingi hakuna.

Hofu haikuisha. Ningesema imeisha ningekuwa mwongo. Ikipita gari la kijani nasimama, na Jeltje akioga hufunga bomba mara tatu ili asikilize. Lakini jioni ile ya kwanza, katika jiko kubwa lenye meza mbili, mwanamke mmoja mwenye lafudhi ya kusini niliyoielewa kwa shida alikata pai ya cheri, akamwekea Jeltje kipande, akanigeukia.

"Na wewe, dada? Kipande kikubwa au kidogo?"

Nilitazama mlango. Nikatazama sahani. Wote walikuwa wanaendelea na mazungumzo yao, hakuna aliyenihimiza.

"Kikubwa," nilisema.